Gari Lisilo na Kiti cha Mkwe

Siku ya kwanza nilipoliona gari la yule kijana, machale yalinicheza. Lilikuwa jekundu, limekaa chini karibu kugusa ardhi, na lilikuwa na milango miwili tu. Lilisimama nje ya geti letu pale Tumbi, Kibaha, likanguruma kidogo kabla ya kuzimwa, na harufu ya oili iliyoungua ikaingia mpaka jikoni nilikokuwa napepeta mchele. Binti yangu alitoka kumpokea, mtandio begani, hata viatu hakuvivaa sawasawa. Mimi nilibaki na ungo wangu mkononi, natazama ile milango miwili kupitia dirishani.

Nieleze kwa nini milango. Kwetu Tabora mkwe ni mkwe. Mama wa binti hakai ubavuni mwa mume wa binti, hali naye sahani moja, hamkodolei macho wala yeye hamkodolei. Kwenye gari mama hukaa nyuma, kila mtu na nafasi yake, na heshima inabaki palepale. Nimeishi Kibaha tangu ujana wangu, nimeyaacha mengi ya kwetu, lakini hilo sijaliacha na sina mpango wa kuliacha. Sasa mtu anayetaka kuoa kwangu ananijia na gari ambalo ili ukae nyuma lazima kiti cha mbele kikunjwe, uiname, utangulize kichwa, magoti yafuate, na ukishaingia hutoki mpaka mwingine akufungulie. Nikajiuliza kama huyu kweli amepanga kuwa na mkwe.

Mshenga wake alikuwa ameshaleta posa. Ni mzee mpole ambaye hucheka kabla hujamaliza kusema, na watu wa namna hiyo pia siwaamini. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo habari ilikwenda Tabora kwa shemeji yangu, naye akajibu, "Wewe ndiye uliye karibu, shemeji. Mchunguze huyo kijana kwanza. Ukiridhika wewe, na sisi tumeridhika." Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na niseme ukweli, nimezaliwa nayo.

Nilichokuwa nakiogopa nakijua na nakitaja. Nilifanya uuguzi mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya maisha hayo nilikuwa napokea majeruhi wa barabara kuu. Nimewakata nguo vijana wazuri waliotoka nyumbani wamenyoosha mashati. Wakipata fahamu, wengi huwa na sentensi moja: tulikuwa tumebakiza kidogo tu. Gari lilikuwa na kasoro, dereva alikuwa na usingizi, mvua ilikuwa kubwa, lakini walikuwa wamebakiza kidogo tu. Binti yangu ni mmoja. Sikutaka kusikia kwamba alikuwa amebakiza kidogo.

Kwa hiyo niliposikia habari ya rejeta ya oili, masikio yalinisimama.

Binti ndiye aliyeropoka. Tulikuwa tunamenya vitunguu, nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, mwenzio mbona Jumamosi simwoni. Akasema gari liko kwa fundi Maili Moja, linafungwa rejeta ya oili.

"Rejeta si ya maji?"

"Hiyo ya maji lilikuja nayo, mama. Hii ni nyingine, ya kupoza oili ya injini. Kainunua mwenyewe."

"Kwani waliolitengeneza gari walisahau?"

Akacheka, akasema yeye hajui mambo ya magari. Nami nikanyamaza, maana ukiuliza sana mtu anafunga mdomo.

Jirani yetu wa ukuta mmoja aliendesha malori ya safari ndefu mpaka mgongo ukamkatalia. Nilimpelekea bakuli la maharage, nikamuuliza kitu hicho kinafanya kazi gani.

"Kinapoza oili, sista," alisema. Huyu hajaacha kuniita sista ingawa sare nilishaivua. "Oili ikipata moto kupita kiasi inakuwa nyepesi, injini inajisaga yenyewe."

"Na inapata moto kupita kiasi kwa sababu gani?"

Alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akatabasamu. "Kwa mtu anayekanyaga mafuta, sista. Mimi nimeendesha mpaka nimezeeka, sijawahi kwenda dukani kununua kitu hicho."

Nilirudi ndani na ushahidi wangu. Mtu anayekwenda ofisini na kurudi, anayeniambia kwa macho makavu kwamba yeye ni mtu wa taratibu, anahitaji kupoza nini?

Ijumaa nilijitanda khanga, nikaenda Maili Moja. Nilijua kijana yuko kazini Dar. Gereji iko nyuma ya maduka, kwenye uwanja mweusi kwa oili, na lile gari jekundu lilikuwa limeinuliwa, bampa la mbele limevuliwa. Nilimwambia fundi kwamba mimi ni mtu wa nyumbani kwa mwenye gari. Sidhani kama nilidanganya sana.

Fundi aliguna. "Kakutuma uje unikalie?"

Huo ndio mtindo wetu. Ukipeleka gari gereji, unakaa hapo au unamkalisha ndugu, macho kwenye mikono ya fundi, asije akachomoa kizima akakuwekea kibovu. Fundi mwenyewe hakasiriki, ameshazoea kulindwa. Akanivutia kiti cha plastiki, akasema, "Karibu, mama. Linda vizuri." Nikakaa, nikalinda, ila nililokuwa nalilinda halikuwa gari.

Alikuwa ameshafungua filta ya oili na kupachika bamba nene la chuma mahali pake, kisha filta ikakaa juu ya bamba. Kwenye bamba ilitoka mipira miwili iliyovikwa wavu wa chuma, mmoja wa kupeleka oili na mwingine wa kuirudisha. Ilipita chini hadi mbele kabisa, nyuma ya bampa, ambako kilikuwa kimefungwa kirejeta chenye mapezi membamba, upana wa sinia la chai. Mimi nimezoea mipira inayotoka mwilini na kurudi mwilini, kwa hiyo nilielewa upesi.

"Upepo ukipiga pale mbele, oili inapoa ndipo inarudi kwenye injini," fundi alisema.

"Na akikimbia zaidi, upepo unazidi?"

"Unazidi, mama."

"Yaani mmemfungia kitu cha kumruhusu akimbie."

Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. Halafu, bila kuulizwa, akanipa nilichokifuata. "Huyu jamaa kila wiki anapandisha nalo milima ya Kisarawe. Likirudi hapa hata boneti haishikiki. Nimemwambia bila hii rejeta ataua injini nyingine."

Nyingine! Ina maana kuna injini ameshaiua.

Usiku ule nilipanga hesabu zangu. Kijana kwao ni Msimbu, huko ndani Kisarawe, na alisema amebakiwa na bibi yake tu. Huenda ni kweli, huenda huko kuna mke na watoto wanaomsubiri kila Jumamosi, huenda ni mashindano ya magari. Njia ya kujua ilikuwa moja, kwenda naye kwenye gari hilohilo. Hapo nikagongana na mila yangu, maana kiti cha mbele hakinihusu. Nikageukageuka kitandani mpaka nikapata upenyo: posa sijaijibu. Mpaka nitakapoijibu, yule ni kijana wa watu tu, na mimi ni mama fulani anayeomba lifti. Mwiko unaanza na jibu. Kwa hiyo nitakaa mbele, ambako dereva na mishale yote ya dashibodi viko mbele ya macho yangu, na nitakaa huko mara moja tu, kabla sijasema neno.

Jumamosi alipokuja na gari lake limeshafungwa, nikamwambia nataka kwenda kumsalimia bibi yake. Alishtuka, nikaona. Akasema, "Sawa, mama, karibu," ila alimtupia binti yangu jicho la haraka. Binti alibaki nyumbani kupika, kwa kuwa jioni ile mshenga alikuwa anakuja kuchukua jibu. Na hilo kila mtu alilijua: mshenga akifika akakosa mwenyeji wa kumpokea, jibu ameshalipata, nalo ni hapana. Binti anayeposwa hawezi kumpokea yeye.

Kiti kile kilinishusha mpaka nikawa natazamana na magurudumu ya malori. Nyuma kulikuwa na viroba vya chakula cha kuku. Tukaingia barabara kuu, tukakata kona Kiluvya kuelekea Kisarawe, naye anaendesha polepole kiasi cha kuniudhi. Nilijua ananiigizia. Nikamtega.

"Mwanangu, mbona tunatambaa? Kanyaga kidogo, siku isije ikaisha."

"Tutafika, mama."

Nilitupa jicho la pembeni kwenye mguu wake. Mlima ulipoanza kunyanyuka, nyuma ilipigwa honi ndefu. Gari la buluu, chini kama letu, lilikuja sambamba, na kijana mwenye miwani akatoa kichwa dirishani.

"Oya, mwamba! Leo umembeba bi mkubwa? Twende basi!"

Wakapita wakicheka, ekzosi inapasua masikio. Yeye hakuongeza mwendo. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Wanakujua," nikasema.

"Wananijua, mama."

"Wanakujulia wapi?"

"Hapahapa. Nilikuwa nashindana nao kupandisha mlima, Jumapili asubuhi. Injini ya kwanza niliiulia pale juu."

Nilikuwa nimeyajua yote, na bado kuyasikia kulinikata. Nikamuuliza, "Na sasa umeacha?"

Alibadili gia kwanza. "Nikisema nimeacha, utaniamini?"

"Hapana."

"Basi acha nisiseme, mama."

Jibu hilo liliniudhi sana. Mwongo wa kawaida angeapa, angemtaja Mungu, na mimi ningeshuka nikarudi zangu nimemaliza kazi. Huyu aliniacha na mashaka yangu yote mkononi, nisijue pa kuyaweka.

Kutoka lami mpaka kwa bibi yake njia ni mchanga mtupu, umekatwakatwa na matairi ya malori. Hapo gari liliteseka. Lilikwenda kwa gia ya kwanza, injini ikilia, viroba vinagongana nyuma, tumbo la gari linasugua majani ya katikati ya njia. Alinionyesha geji ndogo aliyoiongeza, ya joto la oili. Mshale ulipanda, ukapanda, ukakaribia wekundu, kisha ukasimama.

"Zamani hapa ulikuwa unaingia kwenye nyekundu, nasimama naua muda chini ya mikorosho," alisema. "Kila Jumamosi. Ndiyo maana ya rejeta."

"Kwa nini usiuze dude hili ukanunua pikapu?"

"Nalipenda, mama."

Alilisema hivyohivyo, bila kujitetea. Nikaliweka moyoni pamoja na mengine ya kumshtaki nayo.

Bibi yake alikuwa kikongwe mkavu, macho makali. Wakati kijana anateremsha viroba, nilikuwa nimeshaitazama kamba ya nguo. Khanga zilikuwa mbili, zimepauka, za kizee. Nilitafuta nguo ya mtoto, nilitafuta sidiria ya mwanamke kijana, nikatafuta hata viatu mlangoni. Hakuna. Niseme nilifurahi? Nilibaki kama mtu aliyeinua ndoo akidhani imejaa.

"Wewe ndiye mwenye binti?" bibi aliniuliza, kwa lafudhi ya kuvuta maneno ya wenyeji wa huko.

"Ndimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kutupekua."

"Nimekuja kusalimia."

"Pekua tu, mwanangu. Hata mimi nilitaka nije huko kwenu niwapekue, miguu haitaki. Huyo binti anapika? Ana mdomo? Watu wa bara nasikia mna mambo." Akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kama anachagua muhogo sokoni. Nikamwacha. Tulikuwa watu wa kazi moja.

Tuliondoka jua limeanza kulala, nyuma sasa kumejaa mihogo na machungwa. Wingu zito lilikuwa limesimama upande wa Dar. Nilimwona kijana anatazama saa, anatazama wingu. Tulipoifikia lami alipumua, na gari likaanza kwenda vizuri. Nikajisemea, haya, sasa ndipo tutamwona. Ana haraka, na haraka yake ni ya kweli. Mshenga yuko njiani.

Tulikuwa tumeshaupita mji wa Kisarawe, tunateremka, aliponyamaza katikati ya sentensi. Alivuta hewa puani. Mshale mmoja kwenye dashibodi ulicheza, ukashuka, ukarudi. Mimi nisingeuona. Yeye alikuwa ameshawasha taa ya pembeni, akatoka barabarani, akazima injini.

"Nini?"

"Harufu ya oili, mama. Na presha inashuka."

Alilala chini na shati lake jeupe la kumpokelea mshenga, akaingiza kichwa chini ya bampa. Oili ilikuwa inadondoka kutoka kwenye kiungo cha mpira mmoja, pale unapoingia kwenye rejeta. Mtikisiko wa mchangani ulikuwa umekilegeza.

"Inadondoka tu," nikasema. "Haimwagiki."

"Ndiyo, inadondoka."

Tone la kwanza la mvua liliniangukia mkononi. Hapo sikuwa namtega tena. Niliwaza mzee wa watu anafika, anagonga, anamkuta binti peke yake, anageuza. Nilimwona binti yangu akilia jikoni. Nikamwambia, na nilimaanisha:

"Baba, twende hivyohivyo. Mshenga akinikosa unajua maana yake. Tumebakiza kidogo tu."

Nikakisikia nilichokisema. Yeye alikuwa bado amelala chini, sura haionekani.

"Hapana, mama."

"Nakwambia twende."

Alitoka, akasimama mbele yangu, mikono meusi, mashavu yana mchanga. Alikuwa anaogopa, macho yalionyesha. Mtu aliyekuwa anataka neno moja tu kutoka kwangu alinitazama akaninyima nilichomwamuru. "Nisamehe, mama. Haliondoki hili mpaka nikaze na oili ijazwe. Kama ni jibu la hapana, basi liwe hapana."

Akaenda kufungua buti. Alikuwa na spana, matambara na galoni ya oili, vimefungwa kwa kamba visigongane. Akasubiri chuma kipoe, maana hakikuwa cha kushikika. Mvua ikaanza kunyesha kweli, nami nikasimama pembeni nimejifunika khanga. Alikaza kiungo, akafuta, akajaza oili, akawasha, akazima, akalala tena kwenye matope kutazama kama panadondoka. Akafuta tena, akawasha tena. Sijawahi kumwona mtu akichelewa kwa uangalifu namna ile. Wodini niliwapokea wengi sana, na hakuna niliyempokea aliyekuwa amesimama kando ya barabara kukaza kitu.

Alishusha boneti, akanifungulia mlango. "Sasa twende, mama."

Sikuingia. Nilipapasa ubavu wa kiti cha mbele mpaka nikapata pa kukikunjia, kikalala.

"Mama, nyuma kuna mihogo."

"Naiona. Isogeze."

"Lakini mbele kuna nafasi."

"Hapo hapanihusu tena."

Alisimama kwenye mvua, mkono juu ya paa la gari. Binti yangu alikuwa ameshamweleza mambo ya kwetu, kwa sababu nilimwona anaelewa. Midomo ilimcheza, akainamisha uso upesi. Alisukuma mihogo upande mmoja, akakusanya machungwa yaliyobingirika. Nikatanguliza kichwa, magoti yakafuata, goti la kulia likagoma, nikalivuta kwa mkono. Aliponirudishia kiti mbele yangu alikirudisha taratibu. Nilikuwa nimebanwa, nimelowa, muhogo unanichoma mbavuni.

Alikaa kwenye usukani. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono kwenye kioo cha katikati na kukielekeza juu kabisa, kitazame paa, asije akakutana na macho yangu. Ilikuwa adabu nzuri. Lori lilitupita kwa kishindo, likatumwagia maji ubavuni.

"Kirudishe kioo, mkwe wangu," nikamwambia. "Nyuma kuna malori."